Mgonjwa wa Akili Anaporudi Nyumbani

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia, mtaani au ndani ya basi, mtu akitaniwa kwamba safari yake ijayo ni ya Mirembe. Watu hucheka, na jambo likaishia hapo. Lakini zipo nyumba, tena nyingi kuliko tunavyodhani, ambamo utani huo haufanywi kamwe, kwa kuwa kitanda cha kijana wa nyumba hiyo ki wazi, naye mama hajui awaambie nini majirani.

Hospitali ya Mirembe, huko Dodoma, ilianza mwaka 1927. Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili walianza kupokewa mapema zaidi, mwaka 1904. Kwa muda wote huo wengi wetu tumezoea kuamini kwamba tiba ya maradhi haya ni kumpeleka mgonjwa mbali. Makala haya hayahusu kwenda, yanahusu kurudi. Maana wengi hurudi, na hapo ndipo kazi kubwa ya muuguzi na ya jamaa inapoanza.

Daktari hupita wodini akaenda zake. Muuguzi yupo mchana na usiku. Yeye ndiye amjuaye asiyelala, anayeficha kidonge chini ya ulimi, na anayejibizana na sauti ambazo wenzake hawazisikii. Kwa hiyo siku mgonjwa anapopewa ruhusa, hakuna mtu mwenye habari zake zaidi ya muuguzi huyo. La kusikitisha ni kwamba siku hiyo jamaa wana haraka ya kuwahi basi.

Tuchukue skizofrenia, maradhi ambayo Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa humpata mtu 1 katika kila watu 300 hivi. Dawa zake, kama vile haloperido na klopromazini, hutuliza sauti na hofu, lakini hazifanani na dawa ya malaria ambayo humezwa siku chache ikaisha. Kijana akishapata nafuu hujiona mzima na kuuliza vidonge ni vya nini. Jamaa nao, waliochoka na wenye furaha ya kumwona akicheka tena, humuunga mkono. Haupiti muda mrefu kabla usingizi haujaanza kupotea, kisha akawashuku wenzake, na hatimaye safari ile ile ya hospitali ikarudiwa.

Liko jambo jingine linalowafanya watu waitupe dawa, nalo mara nyingi halielezwi vya kutosha. Dawa hizi zaweza kumkaza mtu shingo ikapinda, zikamgeuza macho yakatazama juu, zikamtetemesha mikono au kumnyima utulivu asiweze kukaa kitini. Jamaa akiyaona hayo usiku wa manane atasema ni sumu, au kwamba pepo wamekasirika. Sivyo. Ni madhara yajulikanayo, iko dawa ya kuyatuliza, na kipimo chaweza kupunguzwa. Shingo iliyokazwa isingojee siku ya kliniki. Mpeleke hospitali mara moja. Muuguzi aliyewaeleza watu wa nyumbani habari hii mapema amewaepusha na hofu kubwa.

Kwa wanaoshindwa kumeza vidonge kila siku, iko sindano ya flufenazini, inayochomwa kwenye msuli na kufanya kazi kwa majuma kadhaa. Hapo daftari la muuguzi wa kliniki huwa na thamani kubwa. Jina lisilotiwa alama siku yake ni dalili kwamba kuna nyumba inayohitaji kutembelewa.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1950 na 1960, huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali. Waliorudi katika nyumba za lawama na ukali waliugua tena zaidi kuliko waliorudi penye utulivu. Hata mapenzi yaliyopita kiasi, ya kumlisha na kumchunga mtu mzima kama mtoto mchanga, yalionekana kuwa na madhara. Fikiri, msomaji, ni mara ngapi tumemwambia mtu wa namna hiyo, “Huo ni uvivu tu, mwenzako wa rika lako ana nyumba!” Kumbe kule kukaa kimya na kutooga kwaweza kuwa sehemu ya maradhi yenyewe. Muuguzi humfundisha ndugu kumpa kazi moja ndogo, kuteka maji au kufagia uwanja, na kuridhika nayo.

Afrika haikuhitaji kufundishwa thamani ya jamaa. Mwaka 1954 Dakta Thomas Adeoye Lambo alianzisha mpango wa Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria, ambapo wagonjwa waliishi vijijini pamoja na ndugu zao huku wakitibiwa. Hapa kwetu kijiji cha Hombolo, Dodoma, kilianzishwa ili waliopata nafuu wajizoeze kilimo.

Nao jamaa watazamwe. Mke anayelala jicho moja wazi, kaka aliyekwisha kumaliza siku zake zote za likizo kazini, hawa pia wameumia. Wapo waliofika hata kumfunga ndugu yao kamba. Kitendo hicho si cha kutetewa, lakini mara nyingi nyuma yake wamo watu waliokosa mtu wa kumuuliza.

Basi ulizeni. Kabla ya kuondoka wodini, mwambie muuguzi: “Sista, dalili zake za kwanza ni zipi? Akikataa dawa tufanyeje? Tumlete wapi usiku?” Na akitamka kwamba anataka kujiua, msimwache peke yake, mleteni siku hiyo hiyo. Kisha itazame tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ikiwa imeangukia siku ambayo wewe ndiye wa kumsindikiza nawe uko zamu, sema hapo hapo, ipangwe nyingine.