Ata nyota zinapigwa radio



Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa chini ya udongo alitumwa kwa dokta wa kampuni yake. Dokta akaweka chombo kwa kifua, akasikiliza, akaandika: mzima, arudi kazini. Miezi mitatu kisha, siye wa sindika tulichanga makuta, tukamupeleka kupigwa radio pahali pengine. Picha ilitoka na madoa meupe kwa mapafu yote mawili. Ilikuwa vumbi ya miaka 19. Yule dokta hakusema uongo: alisikiliza tu, hakutazama.

Ile picha iliturudia siku ya posho moja katika sale yetu. Mwalimu mmoja wa fizike, mutoto wa muzee wa shimo, alikuja kuelezea batoto wetu nyota zinazoitwa pulsari. Wengine wetu tuliingia kwa sababu ya mvua tu. Mvua ikaisha, hakuna aliyetoka.

Alianza na neno lenyewe. Kwetu radio ni ile ya nyumbani inayotuletea habari, na ni ile ya hospitali inayotazama mifupa. Tulifikiri ni majina yamefanana tu. Kumbe yote mbili ni mwanga! Mwanga unakwenda kwa mawimbi. Mawimbi ya redio ya nyumbani ni marefu, yale ya hospitali, miale ya X, ni mafupi sana, na kupita hayo kuko mafupi zaidi, miale ya gama. Macho yetu yanashika kipande kidogo cha katikati. Yanayobaki yanatupita bila kuyajua.

Sasa pulsari. Nyota kubwa ikimaliza moto wake, moyo wake unajiangukia wenyewe na sehemu ya inje inapasuka. Kinachobaki ni duara ya kilometa 20 hivi. Ungeiweka kati ya Lubumbashi na Kipushi na nafasi ingebaki. Lakini uzito wake unapita ule wa Jua letu: kijiko kimoja cha udongo wake ni zaidi ya tani bilioni moja. Muzee mmoja nyuma akauliza ni lori gani itabeba huo mzigo, watu wakacheka. Hiyo duara inazunguka mbio sana na inarusha mwanga sawa vile lampi ya kofia wakati mutu anageuza kichwa: kila mzunguko unakumulika mara moja, kisha giza.

Wa kwanza kuigundua alikuwa mwanamke, na hapa mama zetu walisogeza viti. Jocelyn Bell, mwanafunzi kutoka Ireland ya Kaskazini, alikuwa Cambridge, Uingereza. Yeye na wenzake walijenga antene yao kwa mikono: miti zaidi ya 1000 katika shamba, waya juu yake, na yeye mwenyewe alipiga nyundo kubwa. Kisha alibaki kusoma karatasi za mashine, karibu metre 30 kila siku. Mwaka 1967 akaona alama ndogo isiyofanana na zingine. Wakubwa walifikiri ni kelele ya watu. Yeye hakuacha. Mwaka 1974 tuzo ya Nobel ilitolewa kwa ile kazi, ikapewa mkubwa wake Antony Hewish pamoja na Martin Ryle. Jina la Bell halikuwemo. Siye tunajua hii hesabu: mwenye kushika nyundo, na mwenye kuweka saini. Mwaka 2018 alipata tuzo nyingine ya dola milioni 3, akatoa yote kusaidia wanafunzi wa fizike wasio na njia, ata wakimbizi.

Mwalimu alitaka tujue pulsari moja vizuri, Vela, kwa sababu iko upande wetu wa kusini. Ilipatikana mwaka 1968 na antene ya Molonglo, Australia. Iko mbali: mwanga wake unasafiri karibu miaka 1000 mpaka kwetu. Inazunguka mara 11 kwa segonde moja.

Kwa redio, kila mzunguko unaleta pigo moja. Teleskopu ya Fermi, inayozunguka dunia tangu 2008, inashika miale ya gama, na kwa gama Vela inapiga mara mbili. Tena haya mapigo hayafiki wakati moja na lile la redio. Njo maana mafundi walielewa kwamba redio na gama havitoki pahali pamoja: redio inatoka karibu na nyota, gama inatoka mbali zaidi. Mutu mwenye antene ya redio tu angeapa kwamba kuko pigo moja, na asingekuwa mwongo. Tulitazamana pale.

Miale ya X tena inaonyesha kitu kingine: mazingira. Hewa yetu inazuia miale ya X kutoka juu, ndiyo maana teleskopu ya Chandra ilipelekwa inje ya hewa mwaka 1999. Picha zake zinaonyesha pinde mbili za moto kuzunguka Vela, na mchirizi mrefu unaotingishika sawa mupira wa maji ulioachwa wazi. Ni upepo wa vipande vidogo sana vya umeme, nyota inavirusha. Kwa macho ya kawaida huoni ata kimoja.

Kuko na lile la kutetemeka. Vela inapunguza mbio polepole, kisha gafula inaruka na kuzunguka haraka kidogo. Lilionekana mara ya kwanza mwaka 1969, na linarudi kila miaka mitatu hivi. Antene ya Hartebeesthoek, Afrika ya Kusini, imeilinda kwa miaka mingi. Mafundi wanafikiri ndani ya ganda gumu kuko kitu kinachotiririka kinachozunguka kivyake, na siku moja kinasukuma ganda. Wenye kusikia mwamba ukilia kabla ya kuanguka hawakuhitaji maelezo mengi.

Na Namibia, jirani ya jirani yetu, kuko teleskopu za H.E.S.S. Mwaka 2023 zilitangaza gama ya Vela yenye nguvu karibu mara trilioni 10 kuliko mwanga tunaoona. Nguvu ya namna hiyo kutoka pulsari haikuwa imeonekana kabla, na wenye kupiga hesabu walilazimika kurudi kwa daftari.

Mwezi wa tatu, kama saa tatu ya usiku, ukitoka poste utazame kusini, juu sana: nyota za Vela, matanga ya mashua, ziko pale. Pulsari yenyewe hutaiona kwa macho.

Mwenzetu wa mapafu alikuwa amekaa kiti cha mbele na mjukuu wake. Barua yetu ya kuomba radio ya kifua kila mwaka kwa kila mutu wa chini bado iko kwa meza ya wakubwa. Siku ya kwanza ya mwezi ujao tutarudi kuuliza, saa mbili asubuhi, mbele ya mlango.