Saa Moja ya Kuruka ni Dola Ngapi? Hesabu ya Mtu wa Bwera Anayetaka Urubani

Mfanyabiashara mmoja wa kakao pale Mpondwe, jirani na Bwera, aliniuliza swali moja tu: "Mzee, saa moja ya kuruka ni dola ngapi?" Tayari alikuwa amefungua kikokotoo cha simu ili azidishe kwa 40, maana alishaambiwa kwamba leseni ya rubani binafsi inataka saa 40. Nikamwomba aiweke simu mfukoni kwanza. Hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wanafunzi: mtu anaanza na bei ya saa, anauza gari, halafu pesa inamwishia akiwa na saa 31 kwenye daftari lake na leseni hana.

Saa 40 ni kima cha chini. Ndivyo kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinavyosema, na Uganda na Kenya wanazifuata. Uwe umetimiza miaka 17, upimwe afya ya daraja la pili, ufaulu mitihani ya nadharia, uruke saa zisizopungua 40, na 10 kati ya hizo uwe peke yako. Ndani ya saa hizo 10 iwemo safari moja ndefu ya kilomita 270 au zaidi, ukitua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Ni wachache wanaomaliza na 40 kamili. Hata Marekani, ambako hali ya hewa, mafuta na walimu si tatizo kubwa, ni kawaida mtu kufikisha saa 60 na zaidi kabla hajaingia kwenye mtihani.

Kwa hiyo swali la kupeleka shuleni ni hili: wanafunzi wenu watatu wa mwisho walimaliza na saa ngapi, na iliwachukua miezi mingapi? Shule ikisita kukujibu, umeshapata jibu.

Tuchukue mfano, wa hesabu tu. Shule ya kwanza inatoza dola 180 kwa saa, lakini ina ndege moja na mwalimu mmoja wanaogawanywa kwa wanafunzi tisa. Unaruka mara moja kwa wiki, wiki nyingine huruki kabisa, na kila ukirudi nusu ya somo inaliwa na yale uliyoyasahau. Unamaliza na saa 62, yaani dola 11,160. Shule ya pili inatoza dola 210, unaruka mara nne kwa wiki, unamaliza na saa 48. Hapo ni dola 10,080. Ile ya bei nafuu imekula dola 1,080 zaidi, na bado hatujagusa kodi ya chumba kwa miezi ya ziada, chakula, na duka lako la Bwera linaloendeshwa na mtu mwingine.

Huku kwetu jambo hili linauma zaidi, kwa kuwa pesa ya Bwera ni ya msimu. Kahawa ikiuzwa, mtu ana fedha. Kakao ikishuka bei, hana. Ndiyo maana wengi hufikiria kujifunza vipande vipande: saa 10 msimu huu, saa 10 msimu ujao. Ninakusihi usifanye hivyo. Mikono ya mwanafunzi husahau upesi kuliko kichwa, hasa katika kutua, na kila mapumziko ya miezi minne utayalipia tena kwa saa kadhaa za kurudia. Afadhali usubiri mwaka mzima ukiweka akiba, kisha uende umalize kwa mfululizo.

Halafu kuna bei ndani ya bei. Saa inahesabiwa kuanzia wapi? Shule nyingine huhesabu tangu injini iwake hadi izimwe, nyingine huhesabu muda wa hewani peke yake. Tofauti hiyo kwenye kiwanja chenye msongamano inaweza kuwa dakika 15 kwa kila somo. Je, bei ina mafuta ndani? Ina mwalimu? Ada ya kutua kwenye viwanja vingine ni ya nani? Mtahini wa mtihani wa mwisho analipwa na nani, na ndege siku hiyo ni ya nani? Andikiwa yote kwenye karatasi.

Na usilipe yote mbele. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia saa 20 kwa mkupuo ili nipate punguzo la asilimia 10. Nilipofika saa ya sita ndege ikaegeshwa ikisubiri kipuri cha injini, na ikasubiri wiki 11. Shule haikuwa na ndege ya pili, na pesa yangu ilikuwa imeshatumika. Tangu siku hiyo silipii zaidi ya saa tano kwa wakati mmoja, hata nikiahidiwa punguzo gani.

Sasa twende kwenye viwanja. Ulio karibu nawe ni Kasese, kilomita 50 na ushei kwa barabara inayopita Kinyamaseke na Kikorongo. Uwanja uko bondeni, kando ya mji, mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia inazidi kidogo kilomita moja na nusu. Shule ya urubani hapo hakuna. Wanaotua ni ndege ndogo za kukodi, zinazoleta watalii wa mbuga ya Queen Elizabeth na wapandaji wa Rwenzori.

Hata hivyo ni uwanja wa kuufahamu vizuri, kwa sababu ndiko utakakotaka kutua ukishapata leseni. Simama pale saa moja asubuhi. Hewa ni baridi na imetulia, milima siku nyingine iko wazi mpaka kwenye theluji, na Cessna 172 yenye watu wawili inanyanyuka mapema huku sehemu kubwa ya njia ikiwa bado iko mbele yake. Rudi saa nane mchana, kipimajoto kikiwa nyuzi 30. Joto limeifanya hewa kuwa nyepesi, kiasi kwamba kwa ndege uwanja huo wa mita 960 sasa ni kama wa mita 1,730. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, na mbawa nazo zinataka mwendo zaidi kabla hazijabeba. Ndege ni ileile, watu ni walewale wawili, lakini inajikokota. Wakati huo mawingu yameshapanda juu ya Rwenzori, na upepo unaoporomoka kutoka mlimani hausemi hodi. Rubani wa hapa hupanga safari zake asubuhi, na shule itakayokufaa ni ile itakayokufundisha jambo hilo kwa vitendo, si kwa mchoro ubaoni.

Kajjansi, kati ya Kampala na Entebbe, ndicho kiwanja kinachowafaa wengi wa huku. Kiko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, hakina ndege kubwa za kukuweka foleni, na kina shule za urubani, zikiwemo Kampala Aeroclub na Vine Air. Shirika la wamisionari la MAF nalo linarukia hapohapo kwenda vijijini, kwa hiyo unakaa jirani na marubani ambao viwanja vifupi vya mashambani ndiyo kazi yao ya kila siku. Kaa nao kwenye chai, uwasikilize. Anga ya Entebbe iko jirani, na hilo lina faida yake: utajifunza kuzungumza redioni na waongozaji wa ndege kubwa tangu wiki za mwanzo. Shaka yangu ni mafuta. Petroli ya ndege ndogo huja Uganda kwa barabara ikitokea pwani, nayo ikikosekana ndege inakaa. Muulize mwenye shule ana akiba ya siku ngapi. Uliza pia kama ana ndege inayotumia mafuta ya jeti, kama zile Diamond zenye injini ya dizeli, kwa sababu mafuta hayo hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kajjansi ina jambo jingine ambalo sijaona likitajwa kwenye karatasi ya bei. Kutoka hapo hadi Kasese kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 270, karibu sambamba na ikweta. Ukipitia Mbarara ni zaidi. Maana yake, ile safari ndefu ya peke yako unayodaiwa na kanuni unaweza kuifanya kuja nyumbani: Kajjansi, Mbarara, Kasese. Mwombe mwalimu muifanye kwanza pamoja, mfike Kasese kabla ya saa nne asubuhi, kisha urudie peke yako. Saa hizo ungezilipia hata hivyo, na sasa zimekufundisha uwanja wako mwenyewe. Mwanafunzi wa Nairobi akitoka na leseni, siku ya kwanza ya Kasese atatafuta mwalimu mwingine na kumlipa upya.

Soroti ni habari nyingine. Shule ya urubani iliyo pale ilianzishwa mwaka 1971 na nchi tatu za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Uganda. Wazee bado wanaiita Soroti Flying School. Njia yake ni ya lami, mji ni mtulivu, chumba na chakula ni rahisi kuliko Kampala, na mbali na marubani inafundisha mafundi wa ndege. Kwa anayetaka urubani wa ajira, ambao kwa kima cha kimataifa unataka saa 200, au 150 kwa mafunzo ya mfululizo katika shule iliyoidhinishwa, Soroti inastahili kuulizwa kwanza. Lakini huingii siku unayotaka. Kuna maombi, usaili na kusubiri kundi lako. Mfanyabiashara anayetaka leseni binafsi tu, mwenye miezi mitano ya nafasi, ataiona safari ya kutoka Bwera hadi Soroti ni ndefu na ratiba si yake.

Wilson ya Nairobi ina kila kitu kwa wingi: shule nyingi, walimu wengi, mafundi, vipuri. Klabu ya Aero Club of East Africa iliyo pale ilianza mwaka 1927. Ndege ikiharibika leo, kesho unapewa nyingine, na kwa anayetaka kumaliza upesi hilo lina thamani kubwa. Iko mita 1,690 juu, kwa hiyo hutaishangaa hewa nyepesi ya Kasese. Ila utasubiri kwenye foleni ya kuruka injini ikiwaka, na Nairobi kodi ya nyumba haina huruma. Leseni ya Kenya pia itabidi ithibitishwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda kabla hujarusha ndege iliyosajiliwa Uganda. Hivyo ndivyo ilivyo hata kwa leseni ya Afrika Kusini au Marekani, ambako kuna nauli na viza juu yake.

Wapo wanaoniambia: nikipata leseni nitaruka Beni na Butembo kununua mzigo, ni hapo tu ng'ambo. Kwa barabara ni hapo tu, kupitia Kasindi. Kwa ndege ni safari ya kimataifa, yenye vibali vya nchi mbili na viwanja vya forodha. Usiiweke kwenye hesabu ya faida.

Hukumu yangu, kwa mtu wa Bwera anayetaka leseni binafsi, ni Kajjansi. Panga chumba karibu na kiwanja, uruke angalau mara tatu kwa wiki, uweke akiba ya saa 60 na si 40, na uanze baada ya masika ya Machi hadi Mei kupita. Anayetaka ajira aombe Soroti kwanza, na akikosa aende Wilson.

Na kabla ya shule yoyote, nenda kapime afya kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka. Macho, masikio, moyo, sukari. Yule wa kakao alikuwa tayari kulipa amana ya shule bila kujua kama cheti hicho atakipata. Kipimo ni cha siku moja, na ada yake ni ndogo kuliko saa chache za kuruka. Anzia hapo.