Kadi za Maua kwa Muhuri wa Mpira

Wageni wanaofika Diani kutembea hupenda kurudi kwao na kitu kidogo chenye sura ya mahali walipofika, na kadi iliyotengenezwa kwa mkono ni nyepesi kuchukulika. Wenyeji nao huhitaji kadi za Idi, za Krismasi na za arusi. Lakini kadi ambayo wino wake umetapakaa, au karatasi yake imejikunja kwa unyevu, haipati mnunuzi. Karatasi moja ya manila ya kipimo cha A1 hutoa vipande 16 vya kukunjwa kuwa kadi. Zikiharibika nne tu, robo ya mali imekwenda. Kwa hiyo yafaa kila mwenye kutaka kuifanya kazi hii ajue kanuni zake.

Kupiga chapa kwa mkono si jambo geni pwani. Katika karne ya 19, kabla leso za viwandani hazijaenea, nguo za wanawake zilipigwa chapa kwa vipande vya mbao vilivyochongwa. Muhuri wa mpira ulikuja baadaye kidogo. Mwaka 1844 Charles Goodyear wa Marekani alipata hati ya haki ya kuupika mpira pamoja na kiberiti, hata ukawa imara bila ya kupoteza ulaini wake. Na mihuri ya mpira ikaanza kutumika katika miaka ya 1860.

Kuchonga muhuri

Hapana haja ya kununua muhuri. Raba ya kufutia maandishi hufaa kwa maua yenye mistari myembamba, na soli ya kandambili zilizochakaa hufaa kwa majani makubwa. Soli ioshwe kwa sabuni, ikaushwe, na uso wake usawazishwe kwa msasa.

Ua huchorwa kwanza kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi nyembamba. Kisha karatasi hulazwa kifudifudi juu ya raba na kusuguliwa kwa ukucha, hata mchoro uhamie. Kwa njia hiyo mchoro hukaa kinyume juu ya mpira, nao ukipigwa kwenye kadi hutoka sawasawa. Kwa ua, kosa katika jambo hili laweza lisionekane. Kwa maandishi halifichiki, kwani neno lililochongwa kama lisomekavyo litatoka limegeuka.

Palipoachwa ndipo patakaposhika wino, na palipokatwa patabaki na rangi ya karatasi. Wembe uelekezwe nje ya mchoro, usiingie chini yake, maana mstari usio na msingi hupinda na kuvunjika.

Kanuni hiyo ndiyo ifumbuayo fumbo la asumini. Ua lenyewe ni jeupe, na karatasi ni nyeupe, basi litaonekanaje? Fundi hukata petali zote, akauacha mpira unaozizunguka. Mpira huo hutiwa wino wa kijani, na ua hutokea jeupe katikati, limefanyizwa na karatasi yenyewe. Ua la mbuyu, ambalo nalo ni jeupe na lina petali tano kubwa, hufanywa vivyo hivyo.

Atafutaye mfano wa maua achukue yaliyo uani kwake. Kaya Kinondo, iliyo karibu na Diani, ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia, na humo hairuhusiwi kutoa hata jani.

Kupiga na kupanga

Muhuri ugandishwe juu ya kipande cha mbao kilicho sawa. Uguswe juu ya sponji yenye wino mara mbili tatu kwa wepesi, wala usizamishwe. Kisha ukandamizwe wima juu ya kadi, bila ya kutikiswa, na kuinuliwa mara moja. Ukitakiwa mpigo hafifu, kama wa majani yaliyo mbali, muhuri hupigwa kwanza juu ya gazeti kuukuu, na wino uliosalia ndio hupigwa kwenye kadi.

Ili majani yaonekane yako nyuma ya ua, ua hupigwa kwanza kwenye kadi, likaachwa likauke. Ua jingine hupigwa juu ya karatasi nyembamba na kukatwa kwa mkasi. Kipande hicho hulazwa juu ya ua la kwanza, na majani hupigwa yakiupita ukingo wake. Kiondolewapo, ua huonekana limeyatangulia majani.

Katika kupanga, mwalimu mwema ni leso. Leso ina pindo, mji na jina. Kadi nayo yaweza kuwa na pindo la vijani vidogo, ua moja katikati, na salamu chini yake. Pindo likijaa, mji uachwe wazi, ili jicho lipate mahali pa kupumzika.

Kukausha na kutunza

Wino wa maji hukauka upesi, lakini hutapakaa ukiguswa na jasho. Wino mzito hukawia, na juu ya karatasi inayong'aa waweza usikauke kabisa. Kwa hiyo karatasi isiyong'aa ndiyo bora. Wakati wa masika, hewa ya Msambweni na Diani ina unyevu mwingi, na hapana budi kadi zikae usiku kucha, moja moja, pahali penye upepo. Zisianikwe juani, kwani jua hupausha rangi. Zikikauka, zitiwe katika bahasha za karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Muhuri usafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, wala si kwa mafuta ya taa, ambayo huuharibu mpira. Uwekwe kivulini. Muhuri mmoja uliotunzwa hivyo hutoa kadi mamia, na kazi ya kuuchonga hufanywa mara moja tu.