Yamato: Manowari iliyojengwa upya kutoka kwenye majivu

WENGI hudhani kwamba kuunda mfano wa meli ni mchezo wa kupitisha wakati. Hata hivyo, mfano unapofikia urefu wa mita 26.3, ukayapita mabasi mawili ya abiria yaliyopangwa sanjari, kazi hiyo huacha kuwa mchezo. Huwa ni uchunguzi wa historia unaofanywa kwa msumeno, gundi na brashi ya rangi.

Huo ndio urefu wa mfano wa manowari Yamato, ulioundwa kwa ajili ya jumba la makumbusho lililofunguliwa Aprili 2005 katika mji wa Kure, mkoani Hiroshima, Japani. Urefu wa kila kiungo chake ni sehemu moja kwa kumi ya ule wa meli halisi.

Yamato yenyewe ilianza kujengwa katika mji huo huo Novemba 1937, ikaingia kazini Desemba 1941. Ilikuwa na urefu wa mita 263 na uzito wa takriban tani 72,000 ilipojaa shehena. Mizinga yake tisa mikuu ilikuwa na mitutu yenye kipenyo cha sentimita 46, mikubwa kuliko yote iliyowahi kufungwa katika manowari.

Ujenzi wake ulikuwa siri kuu. Sehemu ya gudi iliezekwa paa ili wapita njia wasione kilichokuwa kikiendelea. Kisha Japani iliposhindwa katika vita Agosti 1945, wanajeshi wake waliteketeza nyaraka nyingi kabla Wamarekani hawajafika. Ramani nyingi za meli hiyo ziligeuka majivu.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kazi hii. Fundi wa Lamu anayechonga kijahazi cha kuuzia watalii akisahau jinsi omo linavyopinda, huteremka ufuoni akatazama jahazi lililotia nanga. Fundi wa Yamato hana ufuo wa kuteremkia. Meli anayoitafuta imelala katika kina cha takriban mita 350, kusini magharibi mwa kisiwa cha Kyushu, ikiwa imevunjika vipande.

Waliouunda mfano wa Kure walilazimika basi kukusanya ushahidi wa aina tatu. Kwanza, michoro michache iliyonusurika moto. Pili, picha za zamani, zikiwemo zilizopigwa meli ilipofanyiwa majaribio Oktoba 1941. Tatu, picha za video zilizopigwa chini ya bahari na watafiti walioyafikia mabaki yake.

Baada ya ushahidi huja hesabu. Urefu ukigawanywa kwa 10, eneo la juu hugawanyika kwa 100, nao ujazo hugawanyika kwa 1,000. Kwa hivyo, kama mfano huo ungejengwa kwa chuma kile kile, pamoja na deraya na mitambo yake yote, ungekuwa na uzito wa tani 72 hivi. Mtutu wa sentimita 46 huwa na uwazi wa sentimita 4.6, naye baharia mwenye kimo cha sentimita 170 huwa kama mwanasesere wa sentimita 17.

Ukubwa huo una adhabu yake. Katika mfano mdogo wa kuwekwa mezani, ambao ni sehemu moja kwa 700 ya meli halisi, ngazi na kamba zaweza kuachwa bila mtu kutambua. Katika mfano wa moja kwa kumi, hata ngazi huonekana waziwazi, na mtazamaji huuliza mbona haipo. Kadiri mfano unavyokuwa mkubwa ndivyo fundi anavyokosa mahali pa kuficha asichokijua.

Isitoshe, fundi hana budi kuchagua siku. Meli haibaki vile vile maisha yake yote. Yamato ya 1941 ilikuwa na minara miwili ya mizinga ya kadiri ubavuni, mmoja kila upande. Mapema 1944 minara hiyo iling’olewa, mahali pake pakajazwa bunduki za kutungulia ndege. Mfano wa Kure unaionyesha meli jinsi ilivyokuwa katika safari yake ya mwisho, Aprili 1945.

Uamuzi huo una maana kubwa. Yamato ya 1941 ingependeza zaidi macho, kwani sitaha yake ilikuwa na nafasi na mpangilio. Ile ya 1945 imesongamana bunduki zinazoelekea angani. Anayeutazama mfano huo huona kwamba waliojenga manowari yenye mizinga mikubwa kuliko zote walikwisha kutambua kuwa hatari ingetoka juu, wala si kwenye upeo wa bahari.

Rangi nayo ni mtihani mwingine. Picha nyingi za meli hiyo hazina rangi ila nyeusi na nyeupe. Inajulikana kwamba ilipakwa kijivu, lakini viwanda vya jeshi la majini la Japani havikutumia kijivu kimoja. Kure, Sasebo, Yokosuka na Maizuru kila kimoja kilikuwa na mchanganyiko wake. Sitaha ya mbao nayo imezua mjadala: wapo washikilia kwamba mwishoni ilipakwa rangi nyeusi ili isionwe na marubani, na wapo wanaokanusha.

Upakaji wenyewe huhitaji subira. Uso husuguliwa kwa msasa, hupakwa rangi ya kwanza ya kushikilia, kisha kijivu hunyunyizwa kwa matabaka membamba. Tabaka nene huziba mistari ya mabamba na vichwa vya ribiti. Rangi yenyewe haitakiwi kung’aa, kwa sababu mng’ao humfanya mtazamaji aone kifaa cha plastiki badala ya chuma. Chini ya mstari wa maji hupakwa nyekundu, mfano wa ile rangi ya kuzuia viumbe vya baharini kuganda chini ya meli.

Umbali pia huzingatiwa. Meli iliyo mbali huonekana imepauka kwa sababu ya hewa iliyo kati yake na jicho. Ndiyo maana waundaji wa mifano midogo huongeza nyeupe kidogo katika rangi zao. Kwa mfano wa moja kwa kumi haja hiyo hupungua, maana anayesimama mita 20 kutoka hapo ni kana kwamba yuko mita 200 tu kutoka kwa meli halisi.

Mnamo Aprili 7, 1945, Yamato ilishambuliwa na mamia ya ndege za Marekani ikielekea Okinawa. Ilizama kabla ya saa mbili kwisha. Zaidi ya watu 3,000 walikufa, na walionusurika hawakufika 300.

Hao ndio sababu ya usahihi wote huo. Mfano uliorembwa kupita kiasi huitukuza vita. Ulioundwa kwa kubahatisha huwadanganya jamaa wanaokuja kutazama mahali baba au babu yao alipofia. Mwaka wa 2016 mji wa Kure ulituma tena vyombo kuyapiga picha mabaki hayo. Ushahidi mpya ukipatikana, fundi mwaminifu huchukua msasa na kuanza upya sehemu aliyokosea.