Mshale wa mhunzi au wa kiwandani?

Pamba ikishauzwa na msimu wa uwindaji ukikaribia kufunguliwa Julai, mwenye upinde hapa Mwandoya ana uamuzi wa haraka: ajaze podo kwa mhunzi, au aagize mishale ya kiwandani? Jibu fupi ni hili. Upinde wako ukiwa wa mti, kama ile iliyozagaa Usukumani tangu enzi za sungusungu miaka ya 1980, nenda kwa mhunzi. Ukiwa wa kisasa wenye kapi, huna budi kuagiza.

Leseni kwanza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, kwa bunduki wala kwa mshale. Anzia ofisi ya wanyamapori ya wilaya, Mwanhuzi. Uliza kama upinde unakubaliwa, ni mnyama gani, eneo lipi na ada kiasi gani. Usitoe hata shilingi ya mshale kabla ya majibu hayo. Muuzaji akikuongezea bei kwa sababu chembe kimepakwa sumu, achana naye: sumu ni marufuku.

Mshale wa mhunzi. Unapatikana karibu, na ukiharibika unatengenezeka. Chembe cha msumari ni rahisi na kinanoleka upesi, ila hupinda kikigonga mfupa. Cha nondo ni kigumu zaidi na hudumu, lakini kazi ya kukifua ni kubwa, kwa hiyo bei hupanda.

Gharama iliyojificha ni hapa: bei ya chembe si bei ya mshale. Uti, manyoya na kazi ya kufunga huweza kutozwa kando. Mwambie fundi akutajie bei ya mshale uliokamilika, kisha uliza atapunguza kiasi gani ukija na chuma chako.

Kagua kabla ya kulipa. Viringisha uti juu ya meza, ukirukaruka, umepinda. Uti wa mkole uliokaushwa kivulini taratibu ndio wa kuchukua. Mbichi utapinda ukiwa ndani ya podo. Manyoya yawe ya batamzinga au bata wa nyumbani. Ya tumbusi yakatae, usije ukahojiwa kwa nyara za serikali.

Mshale wa kiwandani. Wa kaboni huuzwa nje kwa takriban dola 5 hadi 15 mmoja. Tuchukue sita wa bei ya chini, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola: 75,000. Mara nyingi vyembe vya kuwindia huuzwa peke yake. Tuseme dola 40 kwa sita, yaani 100,000. Weka VAT ya asilimia 18 na umefika 206,500, kabla ya ushuru wa forodha, usafirishaji na nauli ya kifurushi hadi Bariadi. Hata mhunzi akikutoza 5,000 kwa mshale mmoja, fedha hiyo inanunua 41.

Wa alumini kwa kawaida ni nafuu kidogo, lakini ukipinda ni vigumu kuunyoosha ukawa kama mwanzo. Kaboni haipindi, hupasuka. Kila baada ya kupiga, ukunje kidogo huku ukisikiliza. Ukisikia mlio wa kukwaruza, utupe, maana unaweza kupasukia mkononi.

Ukiagiza, jua nguvu ya upinde wako na urefu unaovuta. Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye uti huenda kinyume: 340 ni mgumu kuliko 500. Ukikosea, gharama ya kurudisha mzigo inaweza kuzidi bei yake.

Usichanganye. Mshale wa mti usiwekwe kwenye upinde wa kapi. Nguvu yake huweza kuuvunja ukakudhuru. Wa kiwandani wenye mabawa ya plastiki nao haufai upinde wa mti, kwa sababu plastiki hugonga mti na kuupotosha mshale. Manyoya hulala yakapita.

Nunua hivi. Kwa upinde wa mti, chukua mitano yenye chembe cha nondo na mitano ya mti mtupu iliyochongwa ncha. Wahadzabe wa Bonde la Eyasi hutumia ya namna hiyo kwa ndege na wanyama wadogo, na chuma wanakiweka kwa kazi kubwa. Yote kumi ilingane uzito na urefu. Mizani ndogo ya wanunuzi wa dhahabu inatosha kupimia. Kama fedha haifiki, punguza idadi, usipunguze ubora wa uti.