Tovuti Isipofunguka: Jina Limepotea au Nyumba Imeanguka?



Kila mara tovuti isipofunguka, iwe ya chama, ya benki au ya serikali, husikika maneno mawili. Mmoja husema, "Intaneti imekatika," na mwingine husema, "Wamefunga hao." Aghlabu wote wawili huwa hawakupata. Tovuti huweza kuwa nzima kabisa, mashine yake inafanya kazi, na intaneti ya simu yako ni njema, na bado isifunguke kwa sababu moja tu: jina lake halijulikani lilipo. Ugonjwa huu una dawa yake, nayo si dawa ya magonjwa mengine. Kwa hivyo tumeona yafaa kuueleza, ili mtu asije akanunua kifurushi cha pili siku ile ile, na hali cha kwanza hakina kosa.

Kompyuta hazijuani kwa majina kama tujuanavyo sisi. Zinajuana kwa namba, mathalan 192.0.2.10, na jina tunaloliandika ni kwa faida yetu wanadamu tusioweza kushika namba nyingi kichwani. Hapo zamani majina yote na namba zake yaliandikwa katika daftari moja lililowekwa Stanford Research Institute, huko California, na kila mwenye kompyuta alichukua nakala yake. Kompyuta zilipokuwa nyingi daftari likazidiwa, na katika mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris akabuni mpango mwingine, ambao ndio unaotumika hata leo. Mafundi huuita DNS.

Mpango wenyewe si mgeni kwetu. Mtu akishuka bandarini Mkoani akatafuta nyumba ya fulani, hapati mtu mmoja ajuaye nyumba zote za Pemba. Ataelekezwa wilaya, huko ataelekezwa kwa sheha, na sheha ndiye atakayemwonyesha mlango. Jina la tovuti nalo husomwa hivyo, kuanzia kuliani kuja kushotoni. Likiwa linamalizikia .co.tz, kwanza huulizwa seva za mzizi, ambazo zina majina 13, herufi A mpaka M; hizo huelekeza kwa wenye .tz, wao nao huelekeza mbele, mpaka kuifikia seva ya majina ya tovuti yenyewe, ambayo ndiyo sheha wake. Hiyo ndiyo itakayotoa namba.

Simu yako haizunguki safari hiyo yote. Kampuni ya simu inayo seva inayokuulizia, tuiite mwulizaji. Mwulizaji akishapata jibu hulishika kwa muda ulioandikwa pamoja nalo, kwa sekunde: 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Muda huo ukiwa bado haujaisha, hatauliza tena, atajibu kwa lile analolikumbuka. Msomaji alitie moyoni jambo hili la kumbukumbu, kwani ndilo linalofanya mambo ya DNS yaonekane kama mazingaombwe: tovuti inafunguka Wete na Chake Chake haifunguki, au kwako inakataa na jirani anaisoma.

Wengi wetu twaikumbuka jioni ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, kiasi cha saa 12 na dakika 40, WhatsApp iliponyamaza pamoja na Facebook na Instagram. Watu walizima simu wakaziwasha, wakatoa laini wakazirudisha, na wengine wakaifuta programu yenyewe, jambo ambalo halikusaidia kitu. Kumbe katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri ya kupima uwezo wa njia zinazounganisha majumba yao ya kompyuta, na amri ile ikazikata njia zote. Programu iliyowekwa kuzuia amri za namna hiyo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Seva zao za majina zilikuwa zimetengenezwa hivi, kwamba zikiona haziwezi kuyafikia majumba yale, ziache kuutangazia ulimwengu njia ya kuzifikia zenyewe. Basi zikaacha. Seva zilikuwa hai na majibu zinayo, illa hapakuwa na wa kuzifikia. Hata mafundi wakashindwa kuingia kwa mbali, kwani vyombo vyao wenyewe vilitegemea majina yale yale, ikawa lazima waende kwa miguu yao penye mashine. Mambo yalikaa kiasi cha saa sita, na huku kwetu ilikwishapita saa sita ya usiku.

Huo ni msiba wa wakubwa. Misiba ya wadogo kama sisi husababishwa na mambo madogo zaidi, na la kwanza ni ada ya jina kutolipwa. Jina halinunuliwi likawa mali ya milele. Hukodiwa kwa mwaka au miaka kadhaa. Wala wakubwa hawakuokoka na hili. Disemba 1999 kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia jina passport.com, ambalo watu wa Hotmail walilitegemea kuingilia kwenye barua zao, na wengi wakafungiwa nje. Mmarekani mmoja, fundi wa programu aitwaye Michael Chaney, aligundua sababu, akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe siku ya Krismasi, na mlango ukafunguka.

Sababu ya pili ni kuhama. Tovuti ikihamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine, namba hubadilika, na asiyejua huandika namba mpya leo akaizima seva ya zamani leo leo. Waulizaji wenye kumbukumbu ya jana wataendelea kuwapeleka watu kwenye nyumba tupu. Desturi njema ni kuupunguza ule muda wa kumbukumbu siku mbili kabla ya kuhama, na kuiacha seva ya zamani ikifanya kazi siku kadhaa baadaye. Kadhalika yapasa kunakili maandishi yote ya jina, khasa yale yanayoelekeza barua pepe. Wengi huhamisha tovuti ikafunguka vizuri, kisha wakakaa wiki nzima wakishangaa kwa nini hakuna mtu anayewaandikia.

Ya tatu ni kosa la maandishi. Tarehe 12 Oktoba 2009 huko Sweden, daftari la majina yote ya .se, yapata 900,000, lilitolewa likiwa limekosa nukta moja mwishoni mwa majina. Nukta tu! Kosa lilisahihishwa upesi, lakini waulizaji waliokwisha kushika jibu baya waliendelea nalo mpaka muda wake ulipokwisha.

Sasa, ufanye nini tovuti isipofunguka? Kwanza fungua tovuti nyingine mbili tatu ambazo hukuzifungua siku hiyo. Zote zikikataa, aghlabu tatizo ni intaneti yako, na maneno haya mengine huyahitaji. Zikifunguka, rudi uyasome maneno yaliyoandikwa kwenye kioo. Watu hawayasomi, na hali humo mna nusu ya jibu. Ukiona DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, maana yake jina limeulizwa na jibu ni kwamba halipo: ama umelikosea kuandika (tazama herufi moja moja), ama limefutwa. Ukiona namba 404 au 503, jina halina kosa, umeshafika mlangoni, na shida imo ndani ya nyumba. Ukiambiwa muda wa kuunganisha umekwisha, aghlabu pia jina limepatikana, ila mashine haikuitika.

Kisha jaribu njia nyingine. Ikiwa unatumia Wi-Fi, izime utumie data ya simu, au mwombe ndugu aliye na laini ya kampuni nyingine ajaribu. Kwake ikifunguka na kwako isifunguke, mshuku mwulizaji wako. Katika mipangilio ya simu au kompyuta unaweza kumbadilisha, ukaweka 8.8.8.8 wa Google au 1.1.1.1 wa Cloudflare, ambao hawatozi kitu.

Mwenye kompyuta ana kipimo kizuri zaidi. Afungue dirisha la kuandikia amri, aandike nslookup example.com, na badala ya example.com aweke jina analolitafuta. Halafu aandike tena vivyo hivyo, na mwishoni aongeze 8.8.8.8, ili aulizwe mwulizaji mwingine. Majibu mawili yakitofautiana, huenda kuna mmoja anayejibu kwa kumbukumbu ya zamani, na dawa ni subira, pamoja na kuisafisha kumbukumbu ya kompyuta yako. Katika Windows amri yake ni ipconfig /flushdns. Wote wawili wakisema halipo, liangaliwe jina lenyewe katika daftari la WHOIS, ambamo aghlabu huandikwa tarehe ya kumalizika. Jibu likiwa SERVFAIL, jina lipo lakini seva zake za majina hazijibu au zinajibu kwa makosa. Hilo ni la mwenye tovuti, wewe msomaji huna la kufanya ila kumjulisha. Na wote wakitoa namba moja iliyo sahihi, basi acha kuilaumu DNS, nenda kwa mwenye seva.

Kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko kutofunguka kwa tovuti. Jina la .com likiachwa bila kulipiwa mpaka msajili akalifuta, kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada iliyo kubwa zaidi, halafu siku 5 za kungoja, kisha jina ni la atakayewahi. Atakayewahi si lazima awe mtu mwema. Anaweza kuweka ukurasa wenye jina letu, akaanza kupokea barua za wanunuzi zilizokuwa zikija kwetu, akawajibu na kuwapa akaunti yake ya benki. Mnunuzi aliye ng'ambo hatajua, kwani jina analolifahamu ni lile lile. Kwa hivyo jina la chama chochote na liandikishwe kwa chama, si kwa fundi aliyetengeneza tovuti hata akiwa mwaminifu namna gani, maana fundi huhama, huugua, na hugombana na watu. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwa msajili iwe ile inayosomwa na watu wawili au zaidi. Nayo isiwe chini ya jina lile lile, kwani siku jina likifa, ilani ya kudai ada itakwenda kwenye sanduku lililokufa nalo. Tarehe ya kulipa iandikwe katika daftari la mweka hazina pamoja na kodi ya ofisi na umeme.

Mwanachama atakayeona ukurasa wa chama haufunguki, akishajaribu hayo ya mwanzo, atupigie simu ofisini au amtume mtu, na atueleze mambo manne: saa ngapi, yuko wapi, anatumia laini ya kampuni gani, na maneno gani yameandikwa kwenye kioo. Akiweza kuyapiga picha, tutashukuru zaidi. Kutuambia "haifunguki" peke yake hakutufikishi mbali.

Katibu