Lango kati ya Kompyuta za Zamani na Mitandao ya Leo

Kompyuta ya Macintosh Plus, iliyotolewa mwaka 1986, ina tundu la LocalTalk, lakini haina la Etheneti. Hutumia itifaki za AppleTalk, ilhali intaneti hufuata TCP/IP. Itifaki, kama asili ya Kiarabu ya neno hilo inavyodokeza, ni maafikiano. Pasipo maafikiano, waya peke yake hauleti mawasiliano.

Ndipo linapohitajika lango. Lango la aina ya MacIP huipatia kompyuta anwani ya IP. Kompyuta hutia ujumbe wa IP ndani ya bahasha ya AppleTalk. Lango huifungua bahasha hiyo na kuupeleka ujumbe kwenye Etheneti. Halitafsiri ujumbe, hubadilisha bahasha tu. Majibu hurudi vivyo hivyo. Njia yenyewe ni nyembamba: LocalTalk hupitisha kilobiti 230.4 kwa sekunde, Etheneti ya awali megabiti 10.

Mwaka 2009, Apple iliondoa AppleTalk katika toleo la 10.6 la Mac OS X. Hivyo kamusi au masimulizi yaliyohifadhiwa katika mashine ya zamani yanaweza kubaki mazima humo, lakini yasifikike. Yafaa yahamishwe kupitia lango wakati mashine ingali inawaka.